Hatua za Kwenda Butiama

Kitaji, Musoma

Nyangeta, mama,

Salamu naziruka. Tumeamkiana leo asubuhi na ukanipa uji umepoa, kwa hiyo hali zetu tunazijua. Afya yangu usiiulize. Bado mimi ndiye baba mwenye sura nzuri kuliko wote hapa Kitaji, majirani wanajikaza tu wasiseme.

Wewe na mama yako mmekwenda Mugango kumuaga bibi na kuchukua wale samaki, ningu wakavu. Mimi nimebaki na baiskeli ya mtu, imelala miguu juu, haina mnyororo. Mwenyewe atasubiri. Nimefuta grisi nikachukua kalamu, na ukiona kidole cheusi pembeni mwa karatasi, ujue hiyo ndiyo sahihi ya fundi.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku kwa kamba, za kutokula vya watu kwenye treni, hizo ni za mama yako. Ameshazisema na kesho stendi atazisema upya. Mimi naongelea kitu kimoja tu, nacho ni Bunda.

Najua, mwanangu. Mama yako kaniambia. Wewe ulidhani siri ukimpa yule mwanamke inakaa? Inakaa mpaka ugali uive. Tiketi yako ya kesho inasema Mwanza, halafu treni, halafu Dar es Salaam, chuo kikuu, ukafanye sapu ya linia aljebra, yaani urudie ule mtihani uliokuangusha mwaka wa kwanza. Ukipita, unaendelea na hesabu zako. Ukianguka tena wanakurudisha nyumbani moja kwa moja. Na juzi jikoni umemwambia mama yako kwamba labda usifike huko kote. Shangazi yako Wakuru kakutafutia ukarani kwenye kinu cha pamba pale Bunda, kiti kipo, meza ipo, na wewe unafikiria basi likisimama Bunda ushuke na sanduku lako, mambo yaishie hapo.

Sikukatazi. Ukarani si wizi. Ningekuwa na karani ndani ya nyumba ningejisifu mpaka Suguti. Lakini kabla ya Bunda basi litapita kijiji chetu cha zamani, kile cha barabarani, na hapo nataka uwe na barua hii mkononi, umekaa dirisha la kushoto. Kile kijiji nilikipima mimi. Kisa unakijua, nakisimuliaga kila kukiwa na pombe na watu wa kusikiliza. Ila kuna sehemu moja naiachaga. Leo naiandika.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru. Watu wa pande zetu walikuwa wametawanyika, mji wa familia hii hapa, mji wa familia ile kule ng'ambo ya mto, jirani yako unamjua kwa moshi wake. Tukaambiwa: sogeeni pamoja, mkae kando ya barabara, mpate shule, kisima na zahanati. Wazee wakakubali, ila wakauliza nani atagawa viwanja bila kupendelea ukoo wake. Bwana maendeleo aliyetumwa kwetu akauliza kijana gani amesoma. Mimi nikasimama kabla hajamaliza kuuliza.

Nimesoma wapi? Darasa la sita. Shule niliiacha au yenyewe iliniacha, mpaka leo tunabishana. Lakini nilikuwa na suruali ndefu na kalamu mfukoni, na kalamu ilikuwa na wino. Nikawaambia wazee, "Shikamooni. Kupima ardhi ni kazi ndogo. Kila mahali duniani panapatikana kwa namba mbili. Mkinipa kigingi kimoja cha katikati, nyumba zote nitazipa namba zake."

Na hilo ni kweli, Nyangeta. Mwalimu wetu alilisema darasani, namba mbili kwenye ramani. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba mwalimu alisema na mambo mengine baada ya hapo, siku ambayo mimi nilikuwa machungani.

Basi nikapiga kigingi mbele ya ghala la pamba. Namba mbili ninazo, bado nipate za kuelekea wapi. Sasa wewe umezaliwa kwenye barabara hii, unajua. Mtu wa hapa ukimuuliza unakwenda wapi, majibu ni mawili. Anakwenda Musoma, au anakwenda Bunda. Hata mlevi aliyelala mtaroni ukimwamsha atakuambia kimojawapo. Nikaona Mungu kanirahisishia. Kila mji nikaupa hatua za kwenda Musoma na hatua za kwenda Bunda, namba mbili kamili, nikawatangazia mbele ya watu wote nikiwa juu ya debe. Wazee wakashika namba zao vichwani. Bwana maendeleo akanipa mkono. Usiku ule sikulala, nilikuwa nafikiria barabara ya kijiji watanipa jina langu lote au nusu.

Unaniona, siyo? Wewe unayejua mambo haya hapo ulipo umeshaanza kucheka.

Siku ya kuhamia ikafika. Mzee Mafuru nilikuwa nimempa hatua mia kwenda Musoma, kisha sitini kwenda Bunda. Mzee Magesa nilikuwa nimempa arobaini kwenda Musoma, na ya Bunda hana hata moja, nikamwambia hiyo ni heshima maalumu. Mzee Magesa akatembea arobaini zake akasimama. Mzee Mafuru akatembea mia, akageuka, akarudi sitini, akamkanyaga Mzee Magesa mguu.

"Ondoka kwangu," mmoja anasema.

"Kwako wapi, hapa nilipo ndipo nilipopewa."

Na unajua desturi yetu. Mafiga yakishawekwa chini na moto ukawaka juu yake, hapo ni nyumbani kwa mtu, kuyang'oa ni kutafuta laana. Basi kila mmoja akaita watu wake waje na mafiga haraka. Wa Magesa wakaweka yao. Wa Mafuru wakaweka yao, hatua tatu pembeni. Mioto miwili kwenye kiwanja kimoja, moshi unagombana angani, ng'ombe wa huku wanapandana na wa huku. Na walikuwa si hao wawili tu. Huku na huku kando ya barabara watu wameanza kusimama juu ya watu. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kwenye mstari mmoja kama foleni ya sukari, na upande wa ndani, kule kwenye ardhi nzuri, hakuna hata kuku.

Sasa ndiyo sehemu ninayoiachaga. Kwenye pombe mimi husema: nikaona kosa palepale, nikalirekebisha. Uongo mtupu. Nilirudi kwenye kigingi nikahesabu hatua upya. Nikatoka tena jasho linanitiririka, mia kwenda, sitini kurudi, nikafika palepale kwenye mguu wa Mzee Magesa. Nikasema hapana, nimekosea kutembea. Nikarudi. Nikahesabu kwa sauti, watoto wananifuata wanahesabu na mimi, nikafika palepale. Mara ya tatu nikavua viatu, nikidhani viatu ndivyo vinavyopunguza hatua. Palepale. Mwanaume mzima na kalamu yake, anarudia jambo lilelile akitegemea lichoke limwachie.

Mzee Mafuru akaniambia, "Kijana, naona unaifahamu njia ya kuja kwangu. Ukishapumzika uje na mahari."

Watu wakacheka mpaka mioto ikakosa wa kuikoleza. Na pale kwenye figa moja alikuwa amekaa binti wa Mzee Mafuru, kajifunga kanga kiunoni, kakataa kuondoka. Huyo ni mama yako. Sikumjua. Walikuwa wageni, wametoka upande wa Butiama. Akaniangalia kuanzia kalamu mpaka miguu mitupu.

"Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiye."

"Na sisi tumetoka Butiama. Hatua zetu za Butiama ziko wapi?"

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Dada, hapa tunatumia Musoma na Bunda. Butiama haimo kwenye hesabu."

"Ndiyo maana tumesimamishwa barabarani kama mbuzi wa mnada," akasema. "Musoma na Bunda ni barabara moja. Ukienda kote huko hujatoka barabarani. Njia ya kwetu inatokea huku." Akanyoosha mkono upande wa ndani.

Sikubishana, Nyangeta. Weka alama hapo, halijatokea tena. Niliugeukia ule upande ulionyooshewa mkono nikaona ardhi yote iliyokuwa inanisubiri tangu asubuhi. Nilikuwa sijakosea hata hatua moja. Ningehesabu mpaka leo, ningevua na suruali, nisingepata jibu lingine. Miguu yangu ilikuwa inasema kweli mara zote tatu, mimi ndiye nilikuwa naibishia.

Kesho yake nikaanza upya: hatua za kwenda Musoma kwa barabara, na hatua za kwenda Butiama kwa ile njia ya miguu. Kila mji ukapata mahali pake, na mahali pamoja tu, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Ila ile njia ya Butiama haikati barabara kwa kona ya mraba, inatoka imelala upande, kwa hiyo na kijiji kizima kimelala upande kama kofia ya mlevi. Bwana maendeleo aliporudi alishika kiuno.

"Masatu, mbona kijiji chako kimelala?"

"Kimepumzika, bwana. Watu wamehama jana."

Mzee Mafuru nilimpa kiwanja kizuri, kisha nikawaga naenda kukikagua kama hakijasogea. Nilikikagua mpaka ng'ombe wakatoka kwetu. Wewe umetoka kwenye lile kosa, mama. Ningekuwa mpimaji mzuri usingekuwepo.

Sasa nakuja kwako. Ulipofika likizo hii ulikuwa umekonda, kitabu umekisukuma chini ya kitanda, ukawa unafagia uwanja ambao umeshafagiwa. Sikukuuliza. Mimi na kuuliza hatujazoeana, hiyo ni hasara yangu nyingine, fundi wa baiskeli anayeona aibu kuuliza ataingiza mnyororo kinyume na kumlaumu mwenye baiskeli. Halafu ile jioni tunamenya mihogo nikaanza tena kisa cha Mafuru na Magesa, na wewe badala ya kusema "Baba, tumeshasikia," ukaweka kisu chini.

Ukasema, "Baba, hiyo ndiyo iliyoniangusha."

Ukachukua vijiti viwili vya kuni. Ukavilaza mstari mmoja, kimoja kinaangalia mlango, kingine kinaangalia banda la mbuzi. Ukaniambia hivi ni vekta. Vyote viwili viko kwenye mstari mmoja, utembee mbele, utembee nyuma, hutaufikia ule muhogo ulioko pembeni. Kisha ukakigeuza kimoja kidogo tu, wala si kona ya mraba, ukasema sasa hakuna mahali uwanjani pasipofikika, na kila mahali pana namba zake mbili na si nyingine. Ukaongeza kijiti cha tatu ukasema hiki kwenye uwanja huu hakileti jipya, kinarudia maneno ya wenzake.

Nikakuuliza, "Na kijiji changu kilicholala, kwenye mtihani wenu kingepita?"

"Kingepita, baba. Mraba si lazima. Lazima vijiti visilale mstari mmoja."

"Basi nina digrii."

Ukacheka. Mama yako alitoka nyumba kubwa kuja kuona nani kafika. Ulikuwa hujacheka tangu ushuke kwenye basi.

Halafu ukanieleza habari ya mtihani wenyewe, na hapo mimi ndiyo nikaacha kumenya. Ulisema waliwapa vekta zimepangwa kwenye matriksi, mistari ya namba, wakauliza kama zinajitegemea au zinategemeana. Ukaanza kutoa safu kwenye safu kama mlivyofundishwa. Safu ya mwisho ikatoka sifuri tupu, mwanzo hadi mwisho. Ukasema moyoni, nimekosea kutoa. Ukafuta, ukaanza upya. Sifuri. Ukafuta tena karatasi ikakaribia kutoboka, ukaanza tena. Sifuri. Muda ukaisha, maswali mengine yote hujayagusa, na kwenye hilo moja umeacha karatasi nyeupe yenye madoa ya kifutio. Umetoka nje ndipo mwenzako akakuambia, kwani hiyo sifuri siyo ndiyo jibu? Zinategemeana. Safu moja ilikuwa inarudia za wenzake.

Mwanangu, ulipolisema hilo nilimwona Masatu wa suruali ndefu amevua viatu. Ile safu ya sifuri ni Mzee Mafuru na Mzee Magesa wamesimama kwenye kiwanja kimoja. Hesabu yako ilikuwa inakuambia kweli mara zote tatu, wewe unaibishia. Hili hukulipata kwa mama yako. Yeye angeangalia ile sifuri akasema, "Haya, kumbe ndivyo ilivyo," akaandika, akaenda zake kula. Hili ni langu tupu, nimekurithisha pamoja na hilo pua.

Sijui linia aljebra, usije ukawaambia wenzako baba yangu anaijua. Au waambie, nani atakuja huku kuniuliza? Lakini najua kuona mtu aliyeelewa kitu na mtu aliyekariri. Mimi nilikariri "namba mbili" nikawasimamisha wazee barabarani. Wewe ulikuwa na kisu cha muhogo mkononi, kitabu kiko chini ya kitanda, na ukanieleza mpaka mimi wa darasa la sita nikaona. Ulisema umeanguka kwa sababu huna kichwa cha hesabu. Nyangeta, kichwa unacho. Usichokuwa nacho ni ujasiri wa kuandika sifuri na kuiacha pale.

Hiyo ni hofu ya watu waliosifiwa sana. Mimi nilijisifu mwenyewe, wewe umesifiwa na wengine: binti wa kwanza wa kijiji kile kwenda chuo kikuu, mchungaji amekutaja kanisani, mimi nimekutaja kwa kila mwenye pancha. Mtu aliyebebeshwa sifa zote hizo akiona sifuri anadhani ni yake. Naomba radhi kwa fungu langu la huo mzigo. Kukutaja sitaacha, siwezi, lakini nitapunguza sauti.

Kuhusu Bunda, naomba uangalie jambo moja tu. Kama unashuka kwa sababu unaupenda ukarani, unapenda pamba, unapenda kukaa karibu na shangazi, shuka, na Jumamosi nitakuja kwa baiskeli kukuona, nitakaa kwenye kiti chako na kukizungusha. Lakini kama unashuka kwa sababu ya zile sifuri, basi ujue unaondoka kwenye jibu sahihi. Mimi siku ile nilikuwa na njia ya kukimbia. Lilipita lori la pamba, dereva akaniita, "Kijana, twende Bunda, hawa wazee watakuua." Nilishaweka mguu kwenye ngazi. Kilichonirudisha si akili, ni viatu vyangu, nilikuwa nimeviacha kwenye kigingi. Nikavifuata, nikapita mbele ya figa lake, ndipo mama yako akapata nafasi ya kuniuliza habari za Butiama. Tofauti yangu na mpumbavu ni jozi moja ya viatu.

Basi kesho, mkishapita njia panda ya Butiama, inua macho uangalie kushoto. Utaona nyumba za kwanza kando ya barabara, halafu safu nyingine zinaingia ndani zimelala upande, hakuna hata moja iliyonyooka na mwenzake wa jirani, na kila mlango una moshi wake. Abiria watauliza nani alipima kijiji hiki. Jibu unalo.

Halafu mtafika Bunda. Shangazi Wakuru atakuwa stendi na kifurushi, ningu wa kukaanga na viazi vitamu, maana wale ningu wa mama yako ni wa kufika nao Dar na wewe utawamaliza kabla ya Mwanza. Nimemtumia habari kwa dereva wa lori. Nimemwambia asikuulize neno, asikulaumu, asikushauri, na nimemwapisha, unamjua alivyo. Ukarani upo na ameuweka. Kazi yake pale stendi ni moja tu, kukupa kifurushi, na aangalie unakipokea vipi. Ukishuka kukipokea, atabeba sanduku lako kichwani mpaka nyumbani kwake na mtakula pamoja. Ukinyoosha mkono dirishani, atakupa, atakuambia safari njema, na jioni atanitumia habari kwa lori la kurudi.

Mama yako alishasema ningu wa moto hawafai kupitishwa dirishani, mafuta yanachuruzika yanaharibu gauni. Nimemwambia shangazi awafunge kwa majani ya mgomba, mara mbili.

Ni mimi baba yako,
Masatu, mpimaji wa kijiji kilichopumzika